Viza ya Kazi Iliyolala: Kipi Hubaki Hai Muda Ukipita?

Eastleigh, jijini Nairobi, kuanzia mtaa wa General Waruinge hadi ndani ya majumba ya maduka ya First Avenue, ofisi za mawakala wa usafiri na wa ajira zimebanana na maduka ya vitambaa, simu na kubadilisha fedha. Katika ofisi hizo kuna swali linaloulizwa kwa Kiswahili, Kisomali na Kioromo: mtu alipata viza ya kazi mwaka jana au mwaka juzi, akashindwa kusafiri, je, kile kibali bado kinafaa? Majibu hupishana. Mmoja huambiwa kimekufa, aanze upya na alipe upya. Mwingine, mwenye karatasi ya aina ileile, huambiwa kiko hai, kinachohitajika ni pesa kidogo za "kukifungua". Kampeni ya serikali ya Kazi Majuu, inayowahimiza vijana kutafuta ajira nje, imelifanya swali hili kuwa la familia nyingi zaidi, na malalamiko ya waliolipa wasisafiri yamefika hadi bungeni.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba swali lenyewe limeulizwa vibaya. Kinachoitwa viza ni mkusanyiko wa ruhusa kadhaa, na kila ruhusa ina saa yake na mwenyewe wake. Baadhi hufa haraka na ni haki zife. Moja au mbili zingestahili kubaki hata baada ya miaka. Na katika mnyororo mzima msafiri, ambaye ndiye aliyekopa na kulipa, mara nyingi hana ruhusa hata moja anayoweza kuitetea kama mali yake. Tusipotenganisha mambo haya, wakala mwaminifu na tapeli wataendelea kusikika sawa.

Karatasi moja, ruhusa nyingi

Tuanze na karatasi yenyewe. Viza ya kazi ya Saudia, iwe imebandikwa ndani ya pasipoti au imechapishwa kando, ina nambari yake, jina la msafiri, nambari ya pasipoti, jina la mwajiri, kazi inayokusudiwa, tarehe ya mwisho ya kuitumia, na mstari wa muda wa kukaa ambao kwa kawaida husema siku 90. Mstari huo huwachanganya wengi, kwa sababu mkataba waliotia sahihi ni wa miaka miwili. Lakini viza haizungumzii mkataba. Tarehe ya mwisho inasema mlango utafungwa lini. Siku 90 zinahesabiwa baada ya kuingia, na ndani yake mwajiri anatakiwa kumkamilishia mfanyakazi iqama, yaani kibali cha kukaa. Ile miaka miwili iko kwenye karatasi nyingine kabisa.

Nyuma ya karatasi hiyo kuna ruhusa iliyotangulia. Mwajiri aliiomba serikali yake nafasi ya kuajiri mgeni, na nafasi hiyo ilitolewa kwa kazi fulani na uraia fulani, kabla jina la mtu yeyote wa Nairobi halijatajwa. Kwa wafanyakazi wa nyumbani, mkataba hupitia mfumo wa mtandaoni wa Saudia uitwao Musaned. Jina la msafiri huingizwa mwishoni kabisa, na linaweza kuondolewa bila nafasi yenyewe kupotea.

Kisha kuna nyaraka za kuunga mkono. Uchunguzi wa afya hufanywa katika vituo vilivyoidhinishwa na nchi za Ghuba, na matokeo huingizwa katika mfumo wa Wafid, ule ambao wengi bado wanauita GAMCA. Wanapima kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, homa ya ini, na kwa wanawake ujauzito. Upande wa Kenya kunahitajika cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, cheti cha mafunzo ya kabla ya safari kwa wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani, mkataba uliothibitishwa na wizara ya leba, na wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kwa hiyo anayesema "viza yangu ya zamani" anaweza kuwa anazungumzia nafasi ya mwajiri, jina lake kwenye nafasi hiyo, ruhusa ya kuingia, au bahasha ya vyeti. Jibu la moja si jibu la nyingine.

Saa hazitembei pamoja

Ruhusa ya kuingia ndiyo yenye maisha mafupi zaidi. Katika Falme za Kiarabu, kibali cha kuingia kwa ajira hutakiwa kutumika ndani ya siku 60 tangu kitolewe. Uingereza hutaka cheti cha ufadhili kutoka kwa mwajiri kitumike kuombea viza ndani ya miezi mitatu, na cheti cha kifua kikuu, ambacho Mkenya hulazimika kuwa nacho, hudumu miezi sita. Viza ya uhamiaji ya Marekani kwa kawaida hudumu hadi miezi sita, na muda huo hufupishwa pale matokeo ya daktari yanapokaribia kuchakaa. Mtu akichelewa kwa wiki chache tu, saa moja huisha huku nyingine ikiwa bado inatembea. Akihuisha ya kwanza, ya pili nayo inaisha.

Pasipoti ina tatizo lake la kipekee. Ruhusa za Ghuba hufungwa kwenye nambari ya pasipoti, na pasipoti mpya huja na nambari mpya. Msafiri aliyeibadilisha pasipoti yake katikati ya safari ya makaratasi anaweza kukuta viza halali, yenye siku za kutosha, imeandikiwa pasipoti ambayo haitumiki tena. Lakini viza ya Marekani iliyo ndani ya pasipoti iliyokwisha muda bado ni halali, mradi haijaharibika, na mtu husafiri na pasipoti zote mbili. Aliyejifunza kanuni moja kwa shangazi yake aliye Minneapolis hawezi kuitumia Jeddah.

Kenya pia ina saa yake. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inasema kwamba mgeni aliyepewa kibali cha kazi nchini, asipoanza kazi hiyo ndani ya siku 90 tangu kibali kitolewe au tangu aingie nchini, kutegemea tarehe ipi ni ya baadaye, kibali hicho hupoteza nguvu, isipokuwa awe amepata ruhusa ya maandishi ya Mkurugenzi. Huko Eastleigh, penye Wasomali na Waethiopia wengi wanaofanya kazi na biashara hapa, kifungu hiki kinagusa watu halisi. Kina mambo mawili yanayostahili kukumbukwa hadi mwisho wa makala haya: hesabu huanza kwenye tarehe iliyo nafuu zaidi kwa mgeni, na kuna afisa mwenye jina na wajibu anayeweza kuandikiwa barua kabla siku hazijaisha.

Jambo jingine linalofanya majibu yapishane ni kwamba kanuni zenyewe hubadilika. Zamani aliyeondoka Oman bila barua ya mwajiri ya kutokuwa na pingamizi hakuweza kurudi kufanya kazi kwa miaka miwili, na sharti hilo likaondolewa Januari 2021. Saudia iliwafungia kwa miaka mitatu walioondoka kwa viza ya kutoka na kurudi kisha wasirudi kwa wakati, isipokuwa kwa mwajiri yuleyule, na zuio hilo likaondolewa Januari 2024. Wakala anayejibu kwa uzoefu wa 2019 anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akakosea.

Wanaotetea ukomo

Kundi la kwanza katika mjadala huu linasema ukomo ni wa lazima na mfupi ndio bora. Hoja zao si nyepesi. Afya ya mtu hubadilika, na cheti cha kifua kikuu cha mwaka juzi hakimwambii daktari lolote kuhusu leo. Rekodi ya polisi nayo ni hivyohivyo. Soko la kazi pia hubadilika: mwajiri aliyehitaji dereva Januari huenda amefunga biashara Desemba, na anayetua uwanjani na ruhusa ya kazi isiyokuwepo anaingia mikononi mwa yeyote atakayemkuta pale. Uingereza inatoa mfano ulio wazi. Tarehe 22 Julai 2025 ilifunga mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje. Kama idhini za zamani zingebaki hai bila kikomo, sera hiyo isingekuwa na maana kwa miaka mingi, na wahamiaji wenyewe wangepelekwa katika sekta ambayo serikali inaibana.

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni ya biashara haramu. Kibali kisichokufa ni bidhaa. Kingewekwa kabatini, kikauzwa, kikauzwa tena. Ukomo mfupi humnyima mchuuzi muda.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba unachukulia saa zote kuwa sawa. Sababu ya kuua cheti cha afya haiwi sababu ya kuua nafasi ya mtu kwenye foleni, kwa kuwa nafasi hiyo haioti virusi. Vilevile hauulizi nani alisababisha kuchelewa. Na kuhusu walanguzi, ukomo mfupi hukata pande zote mbili: unampunguzia mchuuzi muda wa kuuza, lakini unampa silaha ya haraka. "Zimebaki siku tisa, lipa leo" ni sentensi inayofanya kazi kwa sababu tu kuna siku tisa.

Wanaodai nafasi isife

Kundi la pili linasema aliyepitia mchakato na kukubaliwa hapaswi kurudishwa mwanzo. Hapa sheria ya Marekani inasaidia kufikiri, kwa kuwa imetenganisha mambo ambayo Ghuba imeyafunga pamoja. Chukua muuguzi Mkenya aliyeombewa uhamiaji wa kazi na hospitali, ombi likakubaliwa, kisha hakusafiri. Kanuni za shirikisho zinamwachia tarehe yake ya foleni, ambayo anaweza kuibeba hadi kwenye ombi jingine la mwajiri mwingine miaka baadaye, mradi la kwanza halikufutwa kwa udanganyifu au kwa kosa kubwa. Vyeti vyake vitakuwa vimekwisha, uchunguzi wa afya atafanya upya, mwajiri ni mpya. Lakini mahali pake kwenye foleni ni pake. Hata hivyo kuna onyo: akiitwa kuombea viza na kunyamaza mwaka mzima, usajili wake hufutwa, na huwa na hadi miaka miwili tangu aitwe kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa nje ya uwezo wake.

Viza ya H-1B, ya wataalamu, inaonyesha ugumu ulivyo pale sheria inapoandikwa nusu. Kuna nafasi 65,000 kwa mwaka na nyingine 20,000 kwa wenye shahada za juu za vyuo vya Marekani. Mtu hupewa jumla ya miaka sita, na siku alizokuwa nje ya nchi hazihesabiwi. Sheria inasema aliyekwisha hesabiwa kwenye kikomo hicho ndani ya miaka sita iliyopita hahesabiwi tena, isipokuwa kama anastahili kuanza miaka sita mipya. Swali ni hili: mhandisi wa Nairobi ambaye ombi lake lilikubaliwa lakini hakuchukua viza wala kuingia Marekani, je, alihesabiwa? Kwa usomaji mmoja, ndiyo, kwa sababu nafasi ilitengwa kwa ombi lake, hivyo mwajiri mwingine anaweza kumwombea bila kupitia tena bahati nasibu inayogawa nafasi hizo. Usomaji mwingine unashika maneno ya sheria yanayozungumzia watu waliopewa viza au hadhi, na yeye hakupewa. Kanuni nazo zinamtaka mwajiri atoe taarifa nafasi isipotumika ili idhini ifutwe na nafasi irudi kwenye hesabu ya mwaka ule. Mwajiri wa zamani akitoa taarifa hiyo, mlango wa mhandisi unafungwa na mtu ambaye huenda hawajawahi kuonana ana kwa ana.

Tangu Septemba 2025 jibu la swali hilo lina bei. Tangazo la rais wa Marekani la tarehe 19 mwezi huo liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi, na likayaacha nje maombi yaliyowasilishwa kabla ya tarehe 21. Idhini ya zamani ambayo bado ni halali ikawa na thamani ambayo haikuwa nayo wiki moja kabla. Lakini anayehitaji ombi jipya ili kuifufua nafasi ya zamani yuko upande wa pili wa mstari, hata kama bahati nasibu hatairudia.

Udhaifu wa kundi hili uko kwenye mipaka. Nafasi zikiwa na kikomo cha mwaka, kumshikia mmoja ni kumnyima mwingine. Bahati nasibu ya viza za uhamiaji za Marekani, ile ya "green card" iliyokuwa ikijazwa kila mwaka katika vibanda vya intaneti vya Nairobi, ilileta kesi mahakamani. Serikali iliposimamisha utoaji wa viza 2020, jaji wa Washington aliamuru viza 9,095 zihifadhiwe kwa washindi waliokwamishwa. Juni 2024 mahakama ya rufaa ikasema hapana: tarehe 30 Septemba iliyowekwa na Bunge ni ukuta, na mahakama haiwezi kuamuru viza zitolewe baada yake. Funzo kwa mjadala wetu ni kwamba pale muda unapowekwa na sheria yenyewe bila kifungu cha dharura, huruma ya jaji haifiki mbali. Kifungu cha dharura lazima kiandikwe mapema.

Wanaosema mwenye viza ni mwajiri

Msimamo wa tatu ndio unaotawala Ghuba, na husemwa kwa sauti ya chini kwa sababu hauwapendezi wasafiri: viza ni ya aliyeiomba. Mwajiri ndiye aliyelipia nafasi, ndiye anayejibu kwa serikali yake, na ndiye atakayekaa na mfanyakazi. Msafiri akichelewa, ana haki ya kumchagua mwingine. Ukiutazama kama maelezo ya hali ilivyo, msimamo huu ni sahihi kuliko yote. Unaeleza kwa nini viza "iliyokufa" kwa mtu mmoja huonekana ikiwa hai kwa mwingine mwenye jina jingine, na kwa nini kumfuata wakala aifufue bila mwajiri kukubali ni kupoteza muda.

Ukiutazama kama kanuni ya haki, hausimami. Mwajiri analipa nafasi, lakini msafiri analipa karibu kila kitu kingine upande huu: pasipoti, daktari, mafunzo, nauli za kutoka Garissa au Busia kuja Nairobi, na mara nyingi fedha za wakala. Anayebeba gharama bila kuwa na sauti juu ya saa yuko katika hali mbaya kuliko mpangaji asiye na mkataba. Na pale mwenye viza anapokuwa mwajiri peke yake, huzaliwa ile inayouzwa mitaani kwa jina la viza huru: mtu hununua nafasi iliyoandikwa jina la kafili, yaani mwajiri mdhamini, asiyekuwa na kazi ya kumpa, akifika atafute kibarua mwenyewe. Sheria za Ghuba zinataka mtu amfanyie kazi mwajiri aliye kwenye kibali chake, kwa hiyo mnunuzi wa viza huru huwa mhalifu tangu siku ya kwanza. Viza nyingi "zilizolala" zinazofufuliwa kwa malipo ya haraka ni za namna hii.

Nani alichelewesha?

Mjadala wote unabadilika ukiuliza sababu ya kuchelewa. Wako wanaobadili nia, wanaougua, wanaofiwa, na hao ni sehemu ya maisha. Lakini katika miaka kumi na mitano iliyopita kuchelewa kwingi kulikogusa Eastleigh kulitoka serikalini. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati na kufuta leseni za mamia ya mawakala, na marufuku ikaondolewa 2017. Uamuzi ule ulikuwa na sababu nzito, kwa kuwa habari za mateso zilikuwa za kweli. Hata hivyo aliyekuwa na viza yenye tarehe ya mwisho ya kuingia hangeweza kusubiri miaka mitatu, na hakukuwa na utaratibu wa kumrudishia alicholipa. Machi 2020 safari za abiria za kimataifa zilifungwa nchini hadi Agosti mosi. Mwaka 2023 maombi ya pasipoti yalirundikana Nyayo House, mashine za kuchapisha zikashindwa na kazi, na waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, akalazimika kutoa ahadi za tarehe hadharani. Siku hizo za foleni zilikuwa siku za viza za watu.

Kwa wenye uraia wa Somalia maamuzi ya Washington yameongeza uzito. Amri ya Januari 2017, tangazo lililofuata na kudumu hadi Januari 2021, kisha tangazo jingine lililoanza kutumika tarehe 9 Juni 2025, vyote viliigusa Somalia. Wakimbizi waliokuwa tayari kusafiri kutoka Nairobi 2017 walishuhudia uchunguzi wa afya ukiisha wakati ule wa usalama ungali hai, na walipourudia wa kwanza, wa pili ukaisha. Hakuna aliyewakatalia kwa jina. Waliondolewa na kalenda.

Mfano wa kinyume upo pia, na umetoka Ghuba yenyewe. Wakati wa korona Saudia iliongeza mara kadhaa, bila malipo, muda wa iqama na wa viza za kutoka na kurudi za watu waliokwama nje. Kwa hiyo hoja kwamba mifumo hairuhusu saa kusimamishwa haina msingi. Mifumo inaruhusu, kinachokosekana ni wajibu wa kuisimamisha.

Mizani

Nikiyapima yote, naona wanaotetea ukomo wako sahihi kuhusu vyeti na ruhusa ya kuingia. Uchunguzi wa afya, rekodi ya polisi na viza ya mlangoni vife kwa wakati wake, na asiwepo wa kudai vinginevyo. Wanaodai nafasi isife wako sahihi kuhusu mahali pa mtu kwenye foleni, na pia kuhusu fedha zake. Wanaosema viza ni ya mwajiri wanaeleza ukweli, lakini ukweli huo ndio unaohitaji kurekebishwa.

Marekebisho hayahitaji kubuniwa kutoka mbali, kwa sababu yamo katika sheria ya Kenya yenyewe. Tunamruhusu mgeni anayekuja kufanya kazi hapa ahesabiwe kuanzia tarehe iliyo nafuu kwake na aombe kwa maandishi aongezewe muda. La kwanza, katika makubaliano ya kazi na nchi za Ghuba, Kenya ina haki ya kudai hicho hicho kwa raia wake: kuchelewa kukisababishwa na serikali ya upande wowote, saa isimame, na mwajiri asiweze kuliondoa jina bila kumjulisha msafiri kwa maandishi. La pili liko ndani ya uwezo wa Nairobi peke yake. Sharti la usajili wa wakala liwe kwamba viza ikiisha bila kosa la msafiri, wakala anarudisha ada yake au anagharamia uchunguzi na vyeti vipya. La tatu ni Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kumpa kila msafiri taarifa ya kimaandishi inayoonyesha kila ruhusa yake, tarehe yake na mwenyewe wake.

Kuna watakaopinga kwamba masharti haya yatawafukuza waajiri waende Uganda au Ethiopia. Hofu hiyo si ya bure, ushindani upo. Lakini anayemkimbia mfanyakazi kwa sababu ya barua ya kumjulisha kwamba jina lake limeondolewa si mwajiri ambaye Kenya inapaswa kumshindania, na miaka ya 2014 hadi 2017 ilionyesha kwamba kuwapeleka watu bila masharti huishia kwenye marufuku inayowaumiza wote, wakiwemo waajiri wema. Wengine watasema mawakala wadogo watafilisika wakilazimika kurudisha fedha. Wale wanaotoza kwa kazi iliyofanyika hawatafilisika. Wanaoishi kwa kutoza viza ileile mara mbili ndio watakaofunga, na wafunge.

Kwa mwenye karatasi mkononi

Hadi masharti hayo yawepo, anayeshikilia viza ya zamani asiulize kama iko hai. Aulize kwanza ni tarehe gani ya mwisho ya kuingia iliyoandikwa, na kama imepita, ajue hakuna ada ya Eastleigh inayoweza kuirudisha. Inatolewa nyingine au haitolewi. Aulize kama mwajiri aliyetajwa bado anamtaka, na jibu litoke kwa mwajiri au kwenye mfumo rasmi, si kwa simu ya wakala. Alinganishe nambari ya pasipoti iliyo kwenye viza na ile iliyo mfukoni mwake. Ahakikishe jina la wakala limo katika orodha ya waliosajiliwa ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ambayo iko wazi kwa umma. Aliyewahi kukubaliwa ombi la Marekani, la muuguzi au la mtaalamu, asitupe barua ya zamani ya idhini, kwa kuwa kati ya karatasi zote zilizotajwa hapa hiyo ndiyo inayoweza kumfaa tena baada ya miaka. Na yeyote anayeombwa pesa taslimu leo hii ili viza iliyokwisha muda "ifunguliwe" asilipe.